Gari Linalotetemeka Lihojiwe Kabla ya Kununuliwa Vipuri



Kuwa na gari la zamani si aibu. Katika Tanzania, magari mengi ya watu wanaoishi kwa mshahara yamepata kutumiwa kwanza na watu wengine, hasa huko Japani, ambako magari hupita kushoto kama ilivyo hapa nchini na kwa hiyo usukani wake uko upande unaofaa. Gari la namna hiyo likitunzwa huweza kumtumikia mwenyewe kwa miaka mingi, likambeba yeye kwenda kazini, watoto kwenda shuleni, na mgonjwa kwenda hospitali usiku wa manane.

Lakini uzee huja na mambo yake. Siku moja usukani huanza kucheza mikononi, au gari zima hutikisika breki zinapokanyagwa. Mwenye gari hulipeleka kwa fundi na kusema neno moja tu: "Linatetemeka." Fundi naye, kwa kuwa hakupewa habari nyingine, hana budi kubahatisha. Mwezi wa kwanza hununuliwa tairi, mwezi wa pili shokapu, mwezi wa tatu tairodi. Fedha za karo zimekwenda, na tetemeko liko pale pale.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba tetemeko la gari ni ushahidi, na kwamba ushahidi husikilizwa kabla ya hukumu. Hasara ya kubahatisha si ya fedha tu. Wakati mwenye gari anapohangaika na tetemeko linalomuudhi, kasoro ya breki isiyopiga kelele huachwa iendelee kukua, na hiyo ndiyo yenye kuua.

Maswali matatu

Karibu kila tetemeko hutoka katika kitu kinachozunguka, na kila kitu kinachozunguka kina mwendo wake. Ndiyo sababu maswali ya kuuliza ni matatu. Tetemeko hutokea wakati gani? Huhisiwa mahali gani? Huongezeka au kupungua pamoja na kitu gani? Mwenye gari akichukua daftari na kuandika majibu ya maswali hayo kwa siku tatu au nne, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya fundi bila ya kutoa hata senti.

Na uchukuliwe mfano wa gari moja linalojulikana sana, yaani Toyota Corolla ya kundi la E110, lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1995. Gari hilo huvutwa na magurudumu ya mbele. Mbele lina breki za diski, na nyuma, kwa mengi ya magari hayo, lina breki za dramu. Tairi zake za kawaida zina mzingo wa karibu mita 1.8. Kwa hiyo gari likienda kilometa 100 kwa saa, kila gurudumu huzunguka mara 15 hivi katika sekunde moja. Injini nayo, ikiwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Tofauti hiyo mkono wa mtu huweza kuitambua. Tetemeko la gurudumu ni mapigo yanayoweza karibu kuhesabiwa. Tetemeko la injini ni mvumo.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Gari lisimame, gia iwe huru, breki ya mkono iwe imefungwa, kisha injini ikanyagwe mafuta polepole. Tetemeko likitokea hapo hapo, magurudumu hayana kesi ya kujibu. Mwenye gari na afikirie plagi, au mipira inayoshikilia injini, ambayo hukauka na kupasuka kwa umri.

Tetemeko la mwendo

Lipo tetemeko linalokuja gari linapofikia mwendo fulani, kwa mfano kati ya kilometa 80 na 110 kwa saa, hata kama breki hazijaguswa. Hilo kwa kawaida ni la magurudumu, na sababu yake ya kwanza ni uzani usio sawa. Wengi hudharau vile vipande vidogo vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Kipande cha gramu 30 kikianguka kutoka kwenye ukingo wa rimu ya inchi 13, gari likiwa katika kilometa 100 kwa saa, gurudumu huvutwa upande mmoja kwa nguvu ya karibu kilo 5, na mvuto huo huzunguka pamoja na gurudumu mara 15 kila sekunde. Haishangazi basi kwamba usukani hucheza.

Kabla ya kulipia kazi ya kubalansi, magurudumu na yaoshwe upande wa ndani. Wakati wa mvua, tope hujikusanya ndani ya rimu, likakauka, likawa uzani usiotakiwa. Baada ya hapo, magurudumu ya mbele yahamishiwe nyuma na ya nyuma yaletwe mbele. Ikiwa tetemeko lilikuwa kwenye usukani na sasa limehamia kwenye kiti, mkosaji amekwisha julikana: ni moja kati ya magurudumu mawili yaliyohamishwa. Kama halikuhama, kosa liko kwenye gari lenyewe. Jaribio hilo linahitaji jeki, spana na nusu saa tu.

Tairi nazo zikaguliwe kwa macho na kwa kiganja. Tairi yenye uvimbe ni tairi ambayo nyuzi zake za ndani zimeachana, nayo itolewe siku hiyo hiyo. Umri wake umeandikwa ubavuni: tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwanda huonyesha wiki na mwaka. Tairi iliyoandikwa 3019 ilitengenezwa katika wiki ya 30 ya mwaka 2019. Tairi huweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imezeeka.

Lipo pia tetemeko linalokuja dereva anapokanyaga mafuta, hasa kwenye mlima, na kutulia anapoachia. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hilo huelekea kwenye jointi za ndani za shafti za magurudumu. Katika pikapu na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, huelekea kwenye propela na jointi zake za msalaba. Propela huzunguka karibu mara nne gurudumu linapozunguka mara moja, kwa hiyo mtikisiko wake huwa wa haraka zaidi, na mara nyingi huhisiwa sakafuni kuliko kwenye usukani.

Hatimaye, gurudumu liinuliwe na kushikwa kwa mikono miwili. Likitikiswa juu na chini na kuonyesha ulegevu, beringi au boli jointi ishukiwe. Likitikiswa kushoto na kulia na kuonyesha ulegevu, tairodi ishukiwe. Gari lisiachiwe juu ya jeki peke yake mtu anapofanya kazi chini yake. Liwekewe vigingi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe. Watu wamepoteza maisha kwa kuiamini jeki.

Tetemeko la breki

Sasa ufikiriwe mfano wa mwalimu ambaye gari lake halina tetemeko lolote barabarani mpaka anapokanyaga breki kutoka kilometa 80. Daftari lake litasema mambo mawili: tetemeko hutokea wakati wa breki tu, na huhisiwa kwenye usukani. Kwa maneno hayo machache, tairi zimeachiliwa huru, shokapu zimeachiliwa huru, na uchunguzi umeelekea kwenye diski za mbele. Lau tetemeko lingehisiwa kwenye kiti, dramu za nyuma zingeshukiwa. Jambo hilo huweza kuthibitishwa mahali pa wazi, tambarare na pasipo watu. Gari liende mwendo mdogo, kitufe cha breki ya mkono kishikiliwe, na breki hiyo ivutwe taratibu sana. Kwa kuwa breki ya mkono ya gari hilo hufunga dramu za nyuma tu, tetemeko likitokea hapo limejitaja lenyewe. Jaribio hilo lisifanywe katika barabara kuu, wala wakati wa mvua.

Kwa kawaida watu husema, "Diski imepinda." Mara nyingi diski haikupinda kama bati linavyopinda. Kilichotokea ni kwamba diski haikukaa sawa kabisa kwenye habu, kwa sababu ya kutu au uchafu uliobaki katikati, au kwa sababu nati za gurudumu zilikazwa bila usawa. Magari mengi yanaruhusu diski kuyumba kiasi cha milimeta 0.05 hivi tu. Ikizidi hapo, kila mzunguko pedi huigusa diski mahali pale pale, hata dereva asipokanyaga breki, na baada ya maelfu ya kilometa unene wa diski huwa hauko sawa. Tofauti ya milimeta 0.02 hutosha kuutikisa usukani. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Hapana budi kipimo kitumike.

Hapa ndipo kosa dogo la gereji linapozaa gharama kubwa. Nati za magurudumu ya Corolla hiyo zinatakiwa kukazwa kwa kiasi cha Nyutoni mita 103, ambacho ni sawa na kusukuma mpini wa nusu mita kwa nguvu ya kilo 21 hivi. Kijana anayesimama juu ya spana na kurukaruka hukaza kwa nguvu inayozidi hiyo maradufu, na tena hukaza nati moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine. Inavyofaa ni kukaza nati kwa kuvuka upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka zote ziwe sawa.

Dawa basi hufuata utaratibu. Diski itolewe, habu isuguliwe mpaka kutu iishe, diski irudishwe na kupimwa. Mara nyingine kazi hiyo peke yake hutosha. Ikiwa unene umeharibika, diski zote mbili za mbele zikerezwe, mradi zisishuke chini ya unene wa mwisho ulioandikwa juu yake. Zikishuka, zinunuliwe mpya, nazo zinunuliwe mbili pamoja na pedi zake. Kufunga pedi mpya juu ya diski mbovu ni kufua nguo na kuivaa bila kuoga.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya magari yana mfumo unaozuia magurudumu yasigande. Breki zikikanyagwa kwa nguvu kwenye utelezi, pedali ya gari la namna hiyo hupiga mguu. Huo si ugonjwa, ni kazi ya mfumo wenyewe.

Kasoro zisizopiga kelele

Mpaka hapa mazungumzo yamehusu yale yanayoudhi. Yako mengine ambayo hayatikisi kitu, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

La kwanza ni gari kuvutwa upande mmoja wakati wa breki. Maana yake gurudumu moja linafanya kazi na mwenzake hafanyi. Huenda pini za kalipa zimekauka, au pistoni imeshikwa na kutu, au mpira wa breki umevimba ndani ukazuia mafuta, au pedi imelowa mafuta. Upo uchunguzi mwepesi: baada ya safari isiyo na breki nyingi, mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake lina breki isiyoachia.

La pili ni pedali. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa, kisha ishikiliwe kwa mguu. Ikizama polepole, mafuta yanapotea mahali fulani: ama yanavuja nje, ama yanapita ndani ya masta silinda kwa sababu mipira yake imechoka. Mguu ukiwa bado umekanyaga, injini iwashwe. Pedali inatakiwa kushuka kidogo. Isiposhuka, chombo kinachosaidia nguvu ya mguu hakifanyi kazi. Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa ndani ya mirija. Pedali inayoshuka chini kisha ikapanda baada ya kupigwapigwa mara nyingi hudai breki za nyuma zirekebishwe.

La tatu ni mafuta ya breki yenyewe. Hayo hayadumu milele. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka mpaka nyuzi 140 tu. Katika mitaa tambarare ya mjini dereva huenda asione tofauti. Lakini ufikiriwe mteremko kama wa Kitonga, katika barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Gari la kilo 1,100 likishuka mita 300 huku kazi yote ikiachiwa breki, joto linalozalishwa hutosha kuchemsha karibu lita 10 za maji. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyezwa kama hewa. Pedali hufika sakafuni, na gari halisimami.

Kwa ajili hiyo mafuta ya breki yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yasichanganywe kamwe na mafuta ya injini, kwa kuwa hayo huvimbisha mipira yote ya mfumo. Na kwenye mteremko mrefu gia ndogo iingizwe mapema, juu kabisa ya mlima, ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Mwendo nao una hesabu yake: gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa lina nguvu za kusimamishwa mara nne ya lile linalokwenda 50, wala si mara mbili.

Neno moja kuhusu vumbi la breki. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kitupwe.

Wajibu wa mwenye gari

Fundi mwema hafurahii kubahatisha. Humuaibisha mbele ya mteja, na humpotezea muda. Mteja anayekuja na karatasi iliyoandikwa, "Hutetemeka kati ya kilometa 90 na 100, kwenye usukani, breki zikiwa hazijakanyagwa, halikubadilika magurudumu yalipohamishwa," amemheshimu fundi na ameilinda mfuko wake. Ana haki pia ya kuonyeshwa kipuri kilichotolewa na kuelezwa kilikuwa na kosa gani.

Mtumishi anayesimamia magari ya ofisi ana wajibu mkubwa zaidi, kwa maana fedha si zake na maisha ya dereva si yake. Daftari la safari lisiandike kilometa na lita tu. Dereva aandike pia alichohisi: lini, wapi, na katika mwendo gani. Ombi la matengenezo linalosema "gari bovu" lirudishwe kwa mwenyewe alieleze upya. Na dereva anayeripoti kwamba pedali imelainika asiambiwe amalizie safari kwanza.

Mshahara una mipaka, na hakuna anayeweza kutengeneza kila kitu kwa mwezi mmoja. Hivyo kazi zipangwe kwa hatari yake, wala zisipangwe kwa kelele zake. Mpira wa injini uliochakaa huweza kusubiri. Uzani wa magurudumu huweza kusubiri, mradi tairi ni nzima na dereva apunguze mwendo. Diski inayotikisa usukani hudai fedha za mwisho wa mwezi. Lakini pedali inayozama, mafuta ya breki yanayopungua, chuma kinachosaga chuma, gari linalovutwa upande, tairi yenye uvimbe, na tetemeko lililoanza ghafla na kuzidi kila kilometa, ambalo huenda ni nati zinazofunguka, hayo hayasubiri mshahara. Gari lisimame hapo lilipo, na mwenyewe apande basi.